Jina Nililoliita Sokoni

Tuanze na viti. Msikae mkitazamana uso kwa uso kama askari na mtuhumiwa. Viti viwili viwekwe vikielekea mbele, kila kimoja kimegeuka kidogo kumwelekea mwenzake, ili mgeni wako akitaka kukutazama akutazame, na akitaka kutazama dirisha atazame dirisha bila kujiona mkosaji. Kiti chake ndicho kiwe karibu na mlango. Mtu akijua anaweza kutoka, hukaa. Na saa ya ukutani itundikwe nyuma ya mgongo wake uione wewe, maana ukiinamia simu kutafuta saa katikati ya maneno ya mtu, umeshamfukuza.

Hayo sikuyasoma mahali. Shule yangu iliishia darasa la nne kule Itumba, Ileje, nilipotakiwa nyumbani kulea wadogo zangu. Niliyajua kwa kuharibu kwanza. Ndiyo sababu Anyisile, ambaye ninyi mnamjua kama msimamizi wenu na mimi namjua tangu alipokuwa anaogopa kugonga mlango, ameniomba niwaandikie ninyi vijana mnaoanza kazi ya kusikiliza watu hapa Tunduma. Nimeandika kwa peni, yeye atapiga chapa. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Mimi ni Bibi Sekela. Nina kichwa kinachoshika majina. Nikikutana nawe mara moja, jina lako, la baba yako, la mtoto wako wa kwanza, na la mbwa wenu kama alikuwepo, hayatoki tena. Mtendaji wa mtaa wetu alikuwa anakuja kuniuliza mimi kabla ya kufungua daftari lake. Sasa humu ndani nimewabadilisha majina wote waliokuja kwangu kutibiwa, na kwangu mimi hiyo ni kazi nzito kuliko kufua mashuka ya wodi. Naandika jina la uongo, mkono unakataa. Ila lipo jina moja ambalo sikulibadilisha. Nimeruhusiwa, na nitawaambia niliruhusiwa wapi. Mwenye jina hilo ana mama, na kwa misimu mitatu ya mahindi sikujua kama mama huyo nilimponya au nilimvunja.

Nilianza kazi nikiwa mhudumu kwenye kituo cha afya. Kupiga deki, kuchoma taka, kubeba maji. Mwisho wa baraza palikuwa na chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Siku moja vitanda vikatolewa, akaingia binti mwembamba, amevaa miwani, jina lake Kissa. Nilidhani ni mwanafunzi amekuja mazoezi. Kumbe ndiye mwanasaikolojia wetu. Nikamwita Daktari.

"Mimi si daktari, bibi," akasema. "Sina sindano."

"Sasa unawatibu na nini?"

"Kwa mazungumzo."

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Nikamwambia, "Basi mjini hapa sisi sote ni madaktari."

Hakuchukia. Akawa ananitazama tu nikifanya kazi. Watu waliokuwa wanamsubiri walikaa kwenye benchi la barazani, na mimi nikifika hapo na deki yangu nilikuwa naegemea mpini, na watu wananiambia mambo. Sijui kwa nini. Labda mtu aliyeshika deki haogopeshi. Siku moja Kissa akatoka akaniuliza, "Bibi, yule mama aliyelia hapa amekuambia nini?"

"Ameniambia mambo yake."

"Mambo gani?"

"Si nimesema ni yake?"

Akavua miwani akaifuta. Wiki iliyofuata akaniita kwenye mafunzo pamoja na wenzangu wanne, Anyisile akiwa mdogo kuliko wote. Alitaka watu wa mtaani, wasio na vyeti, wanaojua kunyamaza.

Mimi nilimbishia sana mwanzoni. Nilimwambia, kwani mchungaji haongei na watu? Mganga je? Na shangazi? Akanijibu maneno ambayo nayajua mpaka leo: "Mchungaji ana jibu kabla hujafika. Mganga ana mkosaji wa kukuonyesha. Shangazi ana upande. Wewe utakaa na mtu saa nzima, kila wiki, siku ileile, bila hivyo vitatu. Utamsaidia aione shida yake vizuri mpaka aweze kuishika mwenyewe. Hiyo ndiyo tiba ya mazungumzo. Ni rahisi kusema hivi, kuifanya utatoka jasho."

Nilitoka jasho kweli. Mgeni wangu wa kwanza alikuwa dereva wa lori, Mzambia, nitamwita Chanda. Alikuwa amepata ajali njiani, akatoka mzima, lakini tangu siku hiyo akishika usukani mikono inatetemeka na anasikia vyuma vinapasuka. Alifika hapa Tunduma kama abiria kwenye lori lake mwenyewe, utingo ndiye kaendesha. Akakaa, akasema sentensi mbili. Mimi nikazungumza dakika hamsini. Nilimweleza habari za marehemu kaka yangu aliyeanguka na baiskeli, nikamwambia amwombe Mungu, nikamwambia wanaume huku kwetu hawaogopi. Mwisho akasimama, akasema kwa upole, "Mayo, naona umechoka. Pumzika." Akatoka.

Mayo kwa Kibemba ni mama. Yaani mgonjwa ndiye alinionea huruma mimi.

Angekuwa mtu wa mahali pengine ningempoteza. Lakini alikuwa kwenye foleni ya mpakani, na mnaijua foleni yetu. Siku ya tatu alikuwa bado yupo, hana pa kwenda, akarudi. Safari hiyo Kissa alikaa kwenye kona, na mimi nikafunga mdomo. Kissa akanieleza kwamba kuna tiba ya kumrudisha mtu kwenye anachokiogopa hatua kwa hatua, hatua ndogo kiasi kwamba hofu inachoka kabla yake. Tulikuwa tunafikiria hatua hizo tutazipata wapi. Chanda mwenyewe akaziona. Akasema, "Foleni inasogea mita chache halafu inasimama."

Basi foleni ikawa dawa. Siku ya kwanza alikaa tu kwenye kiti cha dereva, injini imezimwa, mimi nimesimama chini na mwavuli. Siku ya pili aliwasha. Kisha akasogeza lori urefu wake, akazima, akashuka, akatapika, akapanda tena. Madereva wenzake walikuwa wanapiga honi na kututukana kwa lugha nne. Mmoja akapiga kelele, "Bibi, huyo mume wako anajifunza?" Nikamjibu, "Ndiyo, na akimaliza nakuja kukufundisha wewe!" Siku ile Chanda alicheka mara ya kwanza. Alivuka geti akiendesha mwenyewe, mikono inatetemeka kidogo tu. Watu wote wanalaani foleni ya Tunduma. Mimi siwezi.

Mnauliza mara nyingi, Anyisile ananiambia, tiba hizi ziko ngapi na ipi ni bora. Ziko nyingi, na ubora unategemea nani amekaa mbele yako. Chanda alihitaji ile ya hatua. Mzee Nzunda, mkulima wa kahawa wa Hasamba, alihitaji nyingine kabisa. Huyu alikuwa na wazo moja linalomzunguka kichwani: kwamba yeye si kitu tena na watoto wanangoja afe wagawane shamba. Kissa alikuwa na karatasi yenye mistari ya kuandikia mawazo ya namna hiyo, ili mtu ayapime kama ni ya kweli. Mzee hakujua kuandika na mimi naandika kama kinyonga. Nikaenda jikoni kwa wapishi nikaomba mahindi na maharage. Nikamwambia, kila ushahidi unaoonyesha hilo wazo ni kweli, weka hindi. Kila unaolipinga, weka haragwe.

"Mwanangu alinipigia simu Jumapili," akasema.

"Weka haragwe."

"Lakini aliongea harakaharaka."

"Haya, weka hindi."

"Ila aliuliza mguu."

"Haragwe, mzee."

Tulifanya hivyo wiki nyingi. Hakupona kwa siku moja, msidanganywe na vitabu vinavyomaliza mambo kwenye ukurasa. Lakini alianza kubishana na wazo lake mwenyewe badala ya kulitii. Siku ya mwisho aliyafunga maharage kwenye leso akaondoka nayo. Akasema ya ushahidi hayatupwi, yatapikwa.

Wengine hawawezi kutibiwa peke yao, kwa sababu anayeletwa kama mgonjwa ndiye anayebeba ugonjwa wa nyumba nzima. Hao unawaita wote, na kabla hawajasema neno unaangalia nani amekaa mbali na nani. Wengine wanapona wakiwa kundi. Wanawake wa kwetu ukiwaambia wakae duara waeleze machungu, watatazama miguu yao mpaka jioni. Wape mahindi wapukuchue. Mikono ikiwa na kazi mdomo unasahau kuogopa. Watoto nao hawaelezi, wanacheza. Mpe udongo afinyange, ukae chini sakafuni, usimuulize hiki ni nini. Atakuambia.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike peni.

Kanuni ngumu kuliko zote katika kazi yetu ni hii: ukikutana na mtu wako njiani, usimsalimie mpaka akusalimie yeye. Akikupita, mwache apite. Ninyi mnaona ni jambo dogo. Kwa mtu wa Ileje ni kama kuambiwa usipumue. Sisi salamu ndiyo tunaanzia, na haiishi upesi, unamuuliza mtu hali yake, ya nyumbani, ya shambani, ya ng'ombe. Na mji wenyewe ni mdogo. Nilianza kupishana na watu walionieleza mambo ambayo waume zao hawayajui, wanatazama upande wa pili kana kwamba mimi ni nguzo ya umeme. Sikuwalaumu. Ukishamwonyesha mtu kidonda chako hutaki kumwona akinunua vitunguu.

Jirani yangu, Mama Siame, ndiye alinitesa. Tulikuwa tunakwenda naye sokoni kila Jumamosi. Kijana akinipita bila shikamoo, yeye anasimama katikati ya njia, mikono kiunoni. "We Sekela! Umeona yule mtoto? Amekupita kama mbuzi!"

"Hakuniona."

"Hakukuonaje na ulivyo mpana hivyo?"

"Macho yake mabovu."

"Wote hao macho mabovu? Mji huu umeingiwa na upofu." Akawa anawaambia watu kwamba vijana wa siku hizi wananidharau kwa sababu nafanya kazi na wagonjwa wa akili. Sikuweza kumweleza. Hata kanisani, benchi langu likawa na nafasi. Waliokuwa wanakaa nami, mmoja baada ya mwingine, walikuja kwenye kile chumba cha mwisho wa baraza, kisha wakahamia benchi za nyuma.

Nyumbani nilikuwa na mume wangu, Kibona. Kila jioni alikuwa ananiuliza, "Leo umesikia nini?" Namjibu, "Nimesikia mvua." Hata kiangazi. Yeye anasema, "Mvua ya huko kwenu haikatiki." Huo ndio ulikuwa mchezo wetu. Sasa Kibona ametangulia, na hata wa kumficha siri sina.

Yule mama wa lile jina nisilolibadilisha alikuja wakati Kibona bado yupo. Ni mtu wa Mbangala, ameolewa hapa Tunduma, hana ndugu karibu. Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyempata baada ya kungoja miaka mingi. Mtoto akafa kwa homa ya siku tatu, ana miaka minane.

Mnajua huku kwetu mwanamke akishazaa jina lake la ubatizo linawekwa kabatini. Anakuwa Mama Fulani mpaka kaburini. Pale mtaani mtoto akifa watu wanaona ni ukatili kumwita mama kwa jina lile, wanahamia kwa mtoto anayefuata. Yeye hakuwa na anayefuata. Basi mtaa mzima ukakosa la kumwita. Wakawa wanasema "dada", "jirani", "wewe mama". Mwenye duka alimwita "mteja". Mume wake alikuwa anaanza kuzungumza naye bila kumwita chochote.

Alikuwa ameacha kula vizuri, ameacha kutoka uani. Kila alipokuja aligeuza kiti, akalitazama dirisha. Wiki ya kwanza nilimuuliza waziwazi, kama Kissa alivyotufundisha, "Unafikiria kujiua?" Msiliogope swali hilo. Kuuliza hakumpi mtu wazo, kunampa mahali pa kulitua kama analo. Akasema, "Hapana, bibi. Sitaki kufa. Ila sioni sababu ya kufungua macho asubuhi." Nikamwambia siku hilo likibadilika aje hata bila miadi, na Kissa naye akaonana naye siku hiyohiyo.

Wiki tano nilimpa kazi ndogondogo. Anawe uso kabla ya saa tatu. Afungue mlango wa uani. Amwagilie mchicha. Hiyo nayo ni tiba, inamrudisha mtu kwenye siku yake kidogokidogo, na inasaidia wengi. Yeye hakufanya hata moja. Nami nilikuwa namwita "mama" tu, kama mtaa mzima.

Ijumaa tulikuwa tunakaa na Kissa kila mmoja aeleze kazi yake. Hiki kikao msikikwepe hata siku moja. Anayesikiliza naye lazima awe na wa kumsikiliza. Nikaeleza kazi zote nilizompa. Kissa akauliza, "Mtoto anaitwaje?"

Nikatazama mlango.

"Bibi Sekela, wewe unayejua majina ya mbwa wa watu?"

"Nalijua. Lusekelo."

"Umelitaja lini mbele ya mama yake?"

"Sijalitaja. Naogopa kumtonesha."

Akaniangalia. "Unamlinda nani?"

Sikulala vizuri siku zile. Alhamisi mama akaja, akageuza kiti. Nikamwambia, "Nieleze habari za Lusekelo."

Aligeuka kutoka dirishani kama mtu aliyeguswa bega. Sikuwahi kuuona uso wake wote kabla ya hapo. Akaanza taratibu, kisha maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililokuwa na hewa. Lusekelo alikuwa anakaa kibarazani akitazama malori. Alijua kwa kibao cha namba kila lori limetoka nchi gani, na akikosea anadai lori ndilo limedanganya. Hapo mama akacheka. Akalia, akacheka tena. Saa yetu ikaisha, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda.

Nilitoka pale nimevimba kichwa. Wajukuu zangu, nisikilizeni hapa. Siku mtu anapopata nafuu mkononi mwako, hiyo ndiyo siku yako ya hatari.

Jumamosi nikaenda sokoni na Mama Siame. Nikamwona yule mama mbele ya meza ya nyanya, kikapu mkononi, peke yake. Mtu aliyekuwa hatoki hata uani! Sikukumbuka kanuni, sikumkumbuka Kissa. Nikapaza sauti kutoka kwenye meza za dagaa:

"Mama Lusekelo! Umetoka! Si nilikuambia!"

Wauza nyanya wakageuka. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Mama Siame akaniuliza, na yeye kunong'ona hajui, "Kumbe unamjua? Si ndiye aliyefiwa na mtoto? Naye anakuja kule kwenu kwa wagonjwa wa akili?"

Yule mama alikuwa ameshachagua nyanya zake. Akazitoa kwenye kikapu, moja moja, akazirudisha mezani kwenye fungu lake. Akaondoka bila kunitazama.

Jumatatu nilimfuata Kissa kabla hajafungua mlango. Nilitaka aniambie haikuwa vibaya sana. Hakuniambia. Akauliza, "Ulipoita, ulikuwa unafurahia lake au lako?"

"Langu," nikasema.

"Haya. Sasa unajua."

Alhamisi hakuja. Alhamisi iliyofuata hakuja. Kissa akamtuma Anyisile nyumbani kwake, maana mtu wa namna ile humwachi bila kujua yuko salama. Anyisile akarudi na ujumbe: "Mwambieni bibi yenu asinitafute." Alikubali kuonana na Anyisile, siku ya Jumanne, siku ambayo mimi nilikuwa sipo. Tangu hapo sikuambiwa neno. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamuuliza Anyisile, "Mwanangu, yule mama anaendeleaje?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, hayo ni yake."

Maneno yangu mwenyewe, ya barazani, nikiwa na deki. Nilimfurahia Anyisile, na nilikwenda nyuma ya jengo nikalia.

Ikabaki dalili moja. Kila Jumatano asubuhi nilikuta kiti cha mgeni kimegeuzwa dirishani. Nikajua anakuja, yuko hai, bado anatazama nje. Nilikuwa nakirudisha mahali pake bila kusema kitu. Kisha Jumatano moja kiti hakikuwa kimegeuzwa. Wala iliyofuata. Inawezekana alipona akaaga. Inawezekana alikata tamaa. Sikuuliza. Niliendelea kukiangalia kile kiti kila Jumatano mpaka nilipostaafu.

Kissa akahamishwa mkoa mwingine. Kibona akafa. Siku hizi ninyi mnazungumza na watu kwa simu, mmoja yuko Itumba na mwingine yuko Lusaka, mnaonana nyuso kwenye kioo. Sina neno baya. Ila kabla hujaanza muulize yuko chumba gani, na nani mwingine yupo chumbani. Nimesikia mtu anasema "niko salama" na mume wake amekaa pembeni anavua viatu.

Mimi sasa nakaa Mpemba peke yangu. Naamka, nafagia, naketi. Kichwani nina mji mzima. Najua nani aliogopa nini na nani alimlilia nani, na nikipita njiani natembea kama mgeni aliyeshuka kwenye basi jana. Wamepona wengi, nadhani. Aliyepona hana sababu ya kurudi kukuambia. Mkiwa mmeingia kazi hii ili mpendwe, rudini mkasomee upishi.

Mwaka huu, mahindi mabichi yalipokuwa yanakaribia kwisha, nilikwenda sokoni na Mama Siame. Sasa anatembelea fimbo lakini mdomo hautembelei kitu. Tulikuwa kwenye meza za nyanya. Nikainua macho, nikamwona. Amenenepa, amefunga kitambaa cha njano. Nikainamisha macho yangu haraka kwenye nyanya, nikawa nazibonyeza kama mtu anayezijaribu, ili apite.

Hakupita. Miguu yake ikasimama mbele yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Unanijua?"

Nikamtazama. Nikasema kama tulivyofundishwa, "Ungependa nikujue?"

Akatabasamu kidogo upande mmoja. "Siku ile ulinikosea."

"Nilikukosea."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu, ndiyo. Na sikupata nafasi ya kukuomba msamaha. Nisamehe."

Mama Siame alikuwa ameacha kupumua ili asikie vizuri. Yule mama akahamisha kikapu mkono wa pili. Akasema, "Nilikuchukia mwezi mzima. Nilikuwa nasema, nikimwona yule bibi nitamwambia. Kisha nikajua, tangu tulipomzika hakuna aliyekuwa ameniita vile kwa sauti. Hata baba yake. Nikamwambia Anyisile, nikamwambia na baba yake. Sasa nyumbani ananiita." Akawatazama wauza nyanya. "Huku nje bado. Wanaogopa."

Sikusema kitu. Hicho ndicho kitu ninachokijua vizuri.

"Niite," akasema.

"Hapa?"

"Si hapa ndipo uliponiita?"

"Mama Lusekelo," nikasema.

"Siku ile uliita zaidi ya hapo."

Basi nikavuta pumzi ya kizee changu, nikaita mpaka kwenye meza za dagaa: "Mama Lusekelooo!"

"Abee!" akaitika, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bonde, na watu wote wakageuka, naye akasimama palepale wakamtazama.

Nilimwambia kwamba Anyisile ameniomba niandike. Nikamuuliza nimpe mwanawe jina gani la kuazima. Akasema, "Usimbadilishe jina. Liite popote."

Kisha akachagua nyanya zake, akalipa, akaenda zake upande wa stendi. Hakusema atakuja kunitembelea, na sikutarajia. Mama Siame akatikisa fimbo. "Angalau huyu mmoja ana adabu," akasema. "Lakini mlikuwa mnazungumza nini?"

"Nyanya," nikasema.

Nikarudi nyumbani. Nikaweka kikapu chini, nikawasha jiko, nikasogeza viti viwili kama ninavyoviweka siku zote, kila kimoja kimegeuka kidogo. Ni saa ambayo Kibona alikuwa ananiuliza leo umesikia nini. Safari hii nilikuwa na ruhusa ya kumjibu.